Darsa ya Viziwi wa Mkunazini

Jumamosi ile umeme ulikatika, na Mwanakheir akajua darsa imeshaharibika kabla hajavua viatu. Chumba cha juu cha madrasa pale Mkunazini kina taa moja, na taa hiyo ndiyo kengele yake. Akitaka wanafunzi wamtazame huizima na kuiwasha, vichwa vikageuka. Umeme ukikosekana huwa hana la kufanya ila kupiga mguu chini ili boriti za sakafu zitetemeke, na hata hapo wengine hudhani ni jirani wa chini anatwanga kisamvu.

Wanawake walikuwa wamejaa majamvi mawili, viziwi watupu, na mikono yao yote ilikuwa hewani. Huyu anasimulia harusi ya Bububu, yule anamuigiza shemegi yake alivyoanguka na vespa, na mwengine anapima kwa vidole urefu wa buibui alilonunua likawa linaburura chini. Aliyewazidi wote kwa mazungumzo alikuwa Ummkulthum, mshonaji, ambaye ndiye mwanafunzi wa mwanzo kabisa wa darsa hiyo. Mwanakheir akapiga mguu. Akapiga tena. Mwisho akaenda akasimama baina ya Ummkulthum na mwenziwe, kama mtu anayezuia njia.

"Nimekuja kufundisha tayammamu, udhu wa mchanga," akamwambia kwa mikono. "Nyinyi mmekuja kufanya nini?"

"Kuonana," Ummkulthum akajibu, wala hakuona haya. "Wewe wiki nzima unazungumza na watu. Mie wiki nzima nazungumza na cherehani. Tupe kidogo tu."

Akawapa kidogo. Hicho kidogo kilikwenda mpaka adhana ya Alasiri, ambayo mle chumbani yeye peke yake ndiye aliyeisikia.

Maana Mwanakheir masikio yake ni mazima. Waliokuwa viziwi ni wazazi wake, baba na mama, kule Tumbatu alikozaliwa. Alijua kuomba maji kwa mkono kabla hajajua kuyaomba kwa mdomo, na tangu akiwa mdogo ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba: dukani yeye, kwa daktari yeye, mgeni akibisha hodi yeye. Baba yake, Mzee Makame, alikuwa mchoma chokaa, mtu mwenye kope nyeupe na vidole vilivyopasuka, na hakuna Ijumaa aliyokosa kuvaa kanzu yake na kwenda msikitini. Aliswali kwa kumtazama wa pembeni. Yule akirukuu, naye hurukuu, yule akisujudu, naye chini.

Siku moja alirudi msikitini akamkalisha binti yake kizingitini. Akachora kilemba kichwani kwake, maana yake imamu, kisha akafungua mdomo na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Akapitisha vidole mashavuni: watu walilia. Halafu akakunjua viganja vyake viwili mbele ya mtoto: wakilia nini?

Mwanakheir hakujua. Alikuwa mtoto wa kike, na mtoto wa kike hasimami mbele ya safu za wanaume. Baada ya hapo akawa anakaa nje ya ukuta wa msikiti kila Ijumaa, anasikiliza, na baba akitoka humsimulia njiani alichokikumbuka. Khutba ndefu ikawa ishara tatu, nne, nyengine za uongo maana alikwishasahau. Baba alizipokea zote kwa kutikisa kichwa. Baba alikufa wakati Mwanakheir amekwisha kuolewa Unguja mjini na Ame, fundi mabomba, wanaishi Mtoni, na kilichomuuma binti msibani ni kwamba mtu mzima yule alikwenda kwa Mola wake na makombo ya khutba za mtoto.

Hata hivyo hakufanya lolote mpaka siku ya hitma ya mama yake Ummkulthum. Wanawake walikuwa wamegaiwa juzuu wanasoma, na Ummkulthum, mfiwa mwenyewe, ameshika yake mapajani. Kila jirani yake alipofunua ukurasa, na yeye alifunua. Mwanakheir akamgusa goti. "Unasoma nini?"

Ummkulthum akashangaa kuona mtu anazungumza lugha yake. "Sisomi," akajibu. "Nafunua pamoja nao. Nisipofunua watasema simuombei mama yangu."

Darsa ilianzia hapo, kwa wanawake watatu na birika la chai ya tangawizi. Kisha Mwanakheir akaanza kuwafuata viziwi walipo. Aliwakuta Forodhani baada ya Magharibi, mahali wanapopenda kukutana kwa sababu ya mwanga wa taa za wauza mishikaki. Alikwenda na Ummkulthum mpaka Nungwi na Kizimkazi, nyumba kwa nyumba, wakiuliza kama kuna asiyesikia. Huko ndiko alikojua uzito wa kazi aliyoibeba. Watu hawakumfukuza. Walimpa kiti, wakampa dafu, wakamwambia hakuna haja.

"Mwanangu huyu hana hesabu," mama mmoja wa Makunduchi alimwambia, akimuonesha kijana wa kike aliyekuwa anasuka ukili uani. "Kalamu haimuandiki. Ni wa peponi huyu moja kwa moja. Sasa mnataka kumfundisha ili iweje, aanze kuandikwa madhambi?"

Mwanakheir alijaribu kumueleza kwamba akili ya binti yake ni nzima, ila hajafunguliwa mlango tu. Mama akacheka kwa upole, akawafungia mhogo wa njiani. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi kuliko zilizosema ndiyo.

Wanaume wakawa mtihani mwengine. Kuwasomesha chumbani aliweza, maadamu Ame amekaa pembeni. Lakini walichokitaka wao ni kile kile alichokitaka Mzee Makame: khutba ya Ijumaa, pale pale inaposomwa. Kwa hiyo lazima apatikane mwanamme wa kuitafsiri kwa mikono, na mwanamme huyo lazima afundishwe. Wa kwanza alifundishika vizuri akaenda Omani. Wa pili alichukuliwa na mradi wa hospitali. Wa tatu alikuwa Anwar, kijana wa duka la simu Darajani, na huyu alikuwa johari. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, uso wake unasema kabla ya mikono, na viziwi walimpenda.

Ijumaa ya kwanza Anwar alisimama karibu na mimbari. Baada ya sala mzee mmoja wa kamati ya msikiti alikuja juu. Alisema mtu akimwambia mwenziwe "nyamaza" khatibu anapohutubu ameshafanya upuuzi, seuze huyu anayepunga mikono kama anafukuza nzi. Imamu, Sheikh Msabah, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomchosha Mwanakheir, maana hakuwa na pa kumkamata. Hakukataa wala hakukubali. Ikaamuliwa Anwar akae nyuma kabisa, karibu na rafu za viatu, na viziwi wake wakae naye huko huko. Ili kumuona Anwar ikawabidi wampe mgongo imamu. Walikubali. Waliona bora kumpa mgongo imamu na kumuelewa kuliko kumtazama usoni na kurudi watupu.

Sasa Jumamosi hiyo ya umeme kukatika, Mwanakheir aliposhuka ngazi baada ya darsa iliyoshindikana, alimkuta Anwar amesimama uchochoroni anamngoja. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bi Mwanakheir, nna habari."

"Sema."

"Kuna televisheni moja Dar es Salaam wananitaka. Nikae kwenye kile kidirisha cha pembeni, wakati wa taarifa ya habari. Nnakwenda Jumatano."

"Na Ijumaa?"

"Inshallah mtapata mwengine."

"Mwengine nani? Nitajie jina lake."

Anwar akarudi kutazama viatu vyake. "Mke wangu mjamzito tena," alisema. "Ningefanyaje?"

Mwanakheir alijua kuwa hana haki ya kumzuia, na kujua huko ndiko kulikomkera zaidi. Alimuombea dua kwa midomo iliyokazana, akamtakia safari njema, akapanda tena juu kukunja majamvi ambayo alikwishayakunja.

Ijumaa iliyofuata viziwi walikaa mahali pao, karibu na viatu, wakangoja. Hakusimama mtu. Jioni yake Simai akamfuata Mwanakheir mpaka darsani. Simai alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, mchonga masanduku ya Malindi, mtu wa miraba minne ambaye ishara zake huwa kubwa kama anabeba magogo.

"Zamani sikujua kinachosemwa na sikujali," alimwambia. "Wewe umenipa ulimi, halafu umeukata. Afadhali usingenipa."

"Sikuukata mimi."

"Basi nani?"

Hapo ndipo Mwanakheir alipomchukua Ame wakaenda barazani kwa Sheikh Msabah. Alikuwa na wazo. Kama hakuna wa kutafsiri siku ya Ijumaa, yeye atawaeleza wanaume khutba Alkhamisi, waende wakiijua.

"Nipe khutba yako mapema, Sheikh."

"Khutba yangu haiandikwi, Bi Mwanakheir. Hunijia pale pale, nkishapanda."

"Basi nipe maudhui tu. Kama ni sala, kama ni zaka, kama ni wazazi."

Sheikh alifikiri, akaona haina dhara. "Maudhui ntakupa. Inshallah."

Ikawa kila Alkhamisi jioni wanaume wanapanda ngazi za Mkunazini, Ame anakaa mlangoni na redio yake ndogo, na Mwanakheir anawaeleza. Maneno ya mitaani hayakukosekana. Walisema mke wa mtu anawachezea mikono wanaume. Mwanakheir alipolalamika, Ame alipunguza sauti ya redio.

"Waache waseme," alisema. "Wanafunzi wako hawawasikii."

Wiki chache mambo yalikwenda, ingawa kwa kuchechemea. Kisha ikaja Alkhamisi ambayo Sheikh alimwambia maudhui ni haki za jirani. Mwanakheir aliwasomesha haki za jirani kwa mifano, mpaka wanaume wakacheka na kutajana.

Alfajiri ya Ijumaa hiyo, Mzee Abrahman akafariki hospitali. Alikuwa mchonga masanduku mkongwe wa Malindi, na ndiye aliyemchukua Simai akiwa mdogo, akamshika mkono ndani ya mkono wake mpaka akajua patasi. Kila mtu mitaa ile alimjua. Jamaa zake walitaka aswaliwe baada ya Ijumaa, na Sheikh Msabah alipopanda mimbari aliwaacha majirani, akazungumzia mauti, akamtaja Mzee Abrahman kwa jina, na msikiti mzima ukalia.

Simai alikuwa nyuma, karibu na viatu, mahali walipozoea. Aliyaona machozi. Sala ilipokwisha alichukua ndara zake akatoka haraka, kwani alikuwa na safari. Mkononi alikuwa na chombo cha uji wa kunde uliopikwa na mkewe mahsusi kwa ajili ya Mzee Abrahman. Wakati anapinda uchochoro, jeneza lilikuwa linasogezwa mbele ya mihrabu. Hakuna aliyemgusa bega. Tangazo lilikwishatolewa kwa kipaza sauti, na kila mtu alidhani kila mtu anajua.

Hospitali alikuta kitanda kimetandikwa shuka mpya. Muuguzi alisema naye akiwa amevaa barakoa, hakuona hata mdomo. Mwisho yule dada akamuandikia kiganjani mwake maneno mawili. Simai hakuwa msomaji sana, lakini hayo aliyasoma. Alikimbia msikitini, akakuta mazulia matupu. Alipofika makaburini Mwanakwerekwe watu walikuwa wanakung'uta michanga miguuni, wanaondoka.

Kabla ya Magharibi alikuwa ameshafika Mtoni. Ame alimfungulia mlango, akamuona alivyo, akaenda kumwita mkewe jikoni alikokuwa anamimina mkate wa tende.

"Uliniambia jirani," Simai alimwambia Mwanakheir. Alama zake kubwa zilikuwa zimekuwa ndogo, mbele ya kifua tu. "Niliwaona wanalia. Nikasema, wallahi watu hawa wamewaudhi sana majirani zao. Nikawahurumia. Nimempita fundi wangu, nimekwenda kumpelekea uji."

"Sheikh alibadilisha, Simai. Mie sikujua—"

Simai akafumba macho. Kiziwi akifumba macho amefunga mlango, hakuna neno litakalopita. Mwanakheir akabaki na mikono yake hewani, kisha akaishusha. Alipofumbua alikuwa ameshageuka, anakwenda zake, na kumwita nyuma hakukuwa na maana.

Mkate uliungua. Usiku ule hakula, na asubuhi hakungoja Ame amalize chai. Alimkuta Sheikh Msabah barazani na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuanza kwa kumuulizia watoto.

"Mliwaweka nyuma na viatu, Sheikh. Simai angelikuwa mbele, angeliliona jeneza."

Sheikh hakuwa amepata habari. Alimsikiliza mpaka mwisho, na kila Mwanakheir alipotarajia atajitetea, hakujitetea. Alisema innaa lillahi, akavua kofia, akaivaa tena. "Niachie," alisema tu. Mwanakheir aliondoka akiwa na hasira zaidi, kwa sababu niachie hiyo alikwishaisikia.

Lakini mara hii Sheikh alikwenda. Alikaa na kamati siku mbili, na yule mzee mkali, aliposimuliwa habari ya uji, hakupinga tena. Jumamosi iliyofuata Sheikh alipanda mwenyewe ngazi za madrasa, akafika juu anahema, uso umekunjuka.

"Wamekubali, Bi Mwanakheir! Mkalimani asimame pale pale, ubavuni mwa mimbari. Na viziwi wawe safu ya kwanza."

"Asimame nani, Sheikh?"

Sheikh hakumfahamu.

"Asimame nani? Anwar yuko Dar es Salaam."

Ummkulthum, aliyekuwa akiwatazama midomo, akauliza wanasema nini. Mwanakheir akamueleza. Ummkulthum akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kile, ingawa hakikuwa na ubaya, kilimfanya Mwanakheir atamani kuzima taa na kwenda kwao.

Ijumaa lilitolewa tangazo la kutafuta watu wa kujitolea. Takbira zilipigwa, mikono ikanyanyuliwa, vijana wakajipiga picha wakatumiana. Jioni ya kwanza chumba kilijaa. Ya pili walikuja nusu. Baada ya hapo ukaja mchezo wa mpira wa kukata na shoka, kisha mvua, na mwisho akabaki mtu mmoja, Kheir, muuza nyama wa Mtoni, mjane wa makamo mwenye vidole vinene kama ndizi mkono wa tembo. Moyo alikuwa nao. Mikono hakuwa nayo. "Rehema" yake ilionekana kama mtu anapangusa meza, na baina ya "subira" na "sabuni" hakuona tofauti hata aoneshwe vipi.

"Mara ngapi nikwambie?" Mwanakheir alimfokea siku moja sebuleni kwake. "Kidole hiki kikae chini!"

"Kiko chini, Bi Mwanakheir. Chini kwake ndiyo hapo. Kilivunjika."

Ame akatoka kwenda kucheka nje.

Walimpeleka vivyo hivyo, kwa sababu hakukuwa na mwengine na viziwi walikuwa wamechoka kungoja. Ijumaa hiyo Mwanakheir alikuwa upande wa wanawake, anawatafsiria Ummkulthum na wenziwe kile anachokisikia kwenye spika, na jicho moja liko kwenye tundu za pazia. Kheir alisimama ubavuni mwa mimbari, kanzu imemkaa vizuri, jasho linamtiririka. Sheikh alijitahidi kwenda taratibu. Hata hivyo Kheir aliambulia neno moja katika manne, na aliposema kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye sabuni, safu ya kwanza mabega yakaanza kutikisika. Yule mzee wa kamati alikaza macho kwenye zulia, hakugeuka. Mwanakheir alijifunika uso kwa ukaya wake. Alipochungulia tena ndipo alipomuona Simai, ambaye tangu siku ile hakuonekana. Alikuwa kwenye nguzo, mwisho wa safu. Yeye hakuwa akicheka. Alikuwa anaitazama mikono ya Kheir kama anavyotazama ubao uliorandwa vibaya.

Baada ya sala alimngoja Mwanakheir uchochoroni. Hakumsalimia.

"Yule muuza nyama nani kamfundisha?"

"Mimi."

"Anazungumza kama bibi wa Tumbatu. Hizo ni alama za mama yako. Nusu yetu tumesoma skuli, alama zetu nyengine. Na vidole vyake unavilazimisha. Mtu wa vidole vile afundishwe kwa mkono mzima, kama patasi." Akatazama ukuta, akamrudia. "Mlete Malindi, karakana. Tutamfundisha sisi. Wewe shika wanawake."

Mwanakheir alitaka kumwambia maneno mengi. Alitaka kumtajia Nungwi na Kizimkazi, na mkate ulioungua. Simai alikwishaondoka.

Njiani kurudi Mtoni alimlilia Ame. "Miaka yote hii. Hata ahsante hakuna. Ananambia shika wanawake!"

"Si ulikuwa ukitaka waichukue wenyewe?"

"Nilitaka waichukue. Sikutaka wanipokonye."



Jumatatu jioni Kheir alikuja Mtoni kama kawaida yake, ameoga, amebeba kilo ya nyama ya zawadi. Mwanakheir alimwambia mlangoni kwamba masomo yamehamia Malindi, kwa Simai, na akamuelekeza karakana. Kheir akaonekana kama aliyefukuzwa chuo. Akaaga, akavuka barabara ya Bububu. Alikwishafika upande wa pili, anangoja gari, Mwanakheir alipokumbuka kwamba hajamuonesha "maghfira," yaani msamaha wa Mola, na Sheikh alikwishasema Ijumaa ijayo ni maghfira. Magari yalikuwa mengi, kupiga kelele kusingefaa. Alisubiri Kheir ageuze uso, akanyanyua mikono juu, akamuonesha pale pale mlangoni, polepole, mara mbili.

Kheir akaweka mfuko wake chini, akajaribu.

Siyo. Mwanakheir akatikisa kichwa kwa hasira, akaanza tena.